Utando wa Mama Bui

Kwaru, kwaru, kwaru!

Mnasikia? Usiku wa manane, nje ya shimo! Sogeeni, sogeeni kwangu, msiachane.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Miguu minane!

Na mgongoni je?

Watoto, mama, watoto tele!

Basi hapo kale, enzi zile umande ulipokuwa umande kweli, aliishi Mama Bui, buibui wa ukoo wa wawindaji. Ukoo huo haufumi utando kabisa. Wao ni mbio tu: wakiona panzi, chwii! wameshamdaka. Watoto wao hubebwa mgongoni mpaka wapate nguvu. Mama Bui naye alibebwa hivyo, na kila alipofumba macho, yote manane, alilisikia tena joto la mgongo wa mama yake, na ule wimbo wake wa kutembea: twende, twende, twende.

Usiku mmoja alikuwa na watoto sitini mgongoni. Kwaru, kwaru! Tandu huyo, mlangoni! Tandu wa miguu mingi na tumbo lisiloshiba. Juzi alimmeza Nyenje, jana akammeza mjane wa Nyenje.

"Hodi, shemeji!"

"Usiku huu, shemeji? Kuna msiba?"

"Kuna njaa. Nigawie watoto kumi tu. Unao wengi, hutawakumbuka."

Moyo wa Mama Bui ukaenda du, du, du. Akimbie? Akimbilie wapi, shimo lina mlango mmoja, na mlango umejaa Tandu! Akamkumbuka mama yake. Mama alipoogopa sana, ndipo sauti yake ilipokuwa pole zaidi.

"Karibu, shemeji," akasema polepole. "Ila usitikisike. Umeshakanyaga utando wangu."

Tandu alizoea kula buibui wa darini, wale wafumaji. Akashtuka. "Utando? Mbona siuoni?"

"Ungeonekana, ungemnasa nani? Ukitikisa mguu mmoja, unakaza. Ukitikisa miwili, shingo hiyo, kwaheri."

"Mama," kitindamimba akanong'ona, "si sisi hatuna uta..."

Mama akamziba mdomo kwa mguu wa tatu.

Tone la umande likamwangukia Tandu kisogoni, to!

"Yalaa! Umenikaba! Nifungue, shemeji!"

"Subiri kupambazuke. Gizani nitakosea uzi."

Tandu akasubiri. Mguu huu ganzi, hatikisiki. Mguu ule ganzi, hatikisiki. Kukapambazuka. Kwe, kwe, kwe, kuku huyo anakuja akiparura.

"Shemeji, kuku!"

"Usitikisike, shemeji!"

Hakutikisika. Ko! Ko! Ko! Akaisha, mguu kwa mguu.

Mama Bui akatoka kuku alipokwenda zake. Akawahesabu wanawe: sitini. Akashika njia ya majani mabichi, taratibu, na wimbo ukamtoka wenyewe, kwa sauti ya mama yake: twende, twende, twende.

Ngano yangu imeshuka mgongoni, aliye macho aibebe. Na fundisho ni hili, nalisema kwa sauti ili na huyo anayekwaruza nje alisikie: msiseme uongo hata kidogo, na kila mama ajifunze kufuma mapema, maana nyumba isiyo na utando haina ulinzi.

Na siri ya Mama Bui?

Hatumwambii mtu, mama!

Hata shemeji?

Hata shemeji akibisha hodi usiku, hatumwambii!