Mahari Mgongoni mwa Radi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kusemezana na sungura, ni zamani ya juzi tu, watu walipokuwa na simu mfukoni na bado wakiona haya kuuliza, palikuwa na uwanja wa mbio za farasi huko Kirathi, nyanda za juu, penye baridi na nyasi fupi. Sikilizeni vizuri. Mwishoni sitawaambia jibu. Mtaniambia ninyi.

Mzee Mutembei alikuwa mkufunzi wa farasi pale uwanjani. Binti yake, Gatwiri, alijifunza kutembea kwa kushika mkia wa farasi. Gatwiri alichumbiwa na Murungi, fundi wa majokofu, kijana mpole, mrefu, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema na kisha kutosema.

Siku ya posa ikawekwa Jumapili, hapo hapo uwanjani, ndani ya hema nyuma ya mazizi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya mbio na Mzee Mutembei hawezi kuwaacha farasi. Alikuwa ameomba mahari ya laki moja. Hakuitarajia yote. Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kutoa yote siku moja. Unaleta ulichonacho, unasema nyingine zitafuata, mnacheka, mnakula, binti anaolewa. Murungi na watu wake walikuwa na elfu arobaini, na elfu arobaini zilitosha kabisa.

Walikuja watatu. Murungi mwenyewe. Shangazi yake Karambu, aliyeuza mtamba wake ili arobaini hizo zipatikane, na aliyezibeba kifuani ndani ya kitambaa. Na mjomba wake Kinoti, msemaji. Kinoti alivaa koti la sufu na darubini ya kuazima shingoni. Mnamjua mtu wa aina hii. Ukimwuliza njia ya mahali asipopajua, atakuonyesha, tena kwa mkono wote.

Walifika mapema. Wazee hawajakusanyika, nyama haijaiva. Wakasimama mbele ya ubao mkubwa ulioandikwa majina ya farasi, na kando ya kila jina, namba mbili na mstari wa mshazari katikati. Kando ya farasi aitwaye Radi paliandikwa 1/4. Kando ya farasi aitwaye Chausiku paliandikwa 10/1.

"Hizo namba ni za nini?" akauliza Karambu.

"Hiyo ni bei ya farasi, shemeji," akasema Kinoti. "Ni kitu rahisi sana. Radi ni moja kwa nne. Unaweka moja, farasi akishinda wanakupa nne."

"Na huyu Chausiku?"

"Kumi kwa moja. Unaweka kumi, wanakupa moja." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyo ni farasi wa wajinga."

Je, Kinoti alijua? Hakujua. Alisema kwamba hajui? Hakusema.

Karambu akaangalia ubao tena. Hakuelewa hata kidogo. Mwanamke huyu ukimpimia maharagwe pungufu sokoni anakurudisha mpaka kwa mama yako aliyekuzaa, lakini pale, mbele ya darubini na koti la sufu, aliona akiuliza mara ya pili ataonekana mshamba. Akasema, "Ahaa."

Je, Karambu alijua? Hakujua. Aliuliza tena? Hakuuliza.

Murungi naye alikuwa anafikiri. Watu wote wanamkimbilia Radi, akawaza. Wote wanasema Radi ndiye atakayeshinda. Sasa mwenye kibanda cha tiketi atampa kila mmoja mara nne ya pesa zake, atatoa wapi? Hesabu haikukaa sawa. Iliwasha kama unyasi ndani ya soksi. Lakini mtu hamsahihishi mjomba wake siku ya posa yake mwenyewe. Na kuna jambo jingine, tuseme ukweli: aliitamani ile mara nne. Alishaiona harusi yenye spika kubwa.

Je, Murungi alijua? Alishuku. Alisema? Hakusema.

"Shemeji," Kinoti akamwambia Karambu, "leta hicho kitambaa. Arobaini mara nne ni laki moja na sitini, na arobaini zetu tunarudishiwa. Laki mbili. Mbio ni hii inayofuata. Kabla nyama haijaiva tutakuwa watu wengine."

"Na asiposhinda?"

"Radi? Radi hajashindwa mwaka huu. Uliza yeyote."

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo jambo la pekee alilolijua.

Mama aliyeuza tiketi dirishani akazipokea zile arobaini, akamtazama Kinoti juu ya miwani. "Zote kwa Radi? Umeona ni moja kwa nne, baba?"

"Mama, nimeona kabla hujaniuliza."

"Sawa basi," akasema yule mama, akamkatia tiketi.

Murungi alimkuta Gatwiri nyuma ya mazizi, amevaa kitenge kipya, hana ruhusa ya kushika kazi yoyote siku hiyo. Akamwonyesha tiketi. "Zote. Kwa Radi. Tutapata laki mbili."

Gatwiri akaiangalia tiketi. Akamwangalia Murungi. Alijua. Tangu akiwa mdogo alijua kwamba namba ya kulia ndiyo unayoweka, na ya kushoto ndiyo unayoongezewa. Weka nne, upate moja juu. Farasi ambaye kila mtu anamjua hana faida kubwa, kwa nini akulipe? Anayelipa sana ni yule asiyetarajiwa, na mara nyingi hafiki.

Akafungua mdomo. Kisha akawaza: mjomba wake ataonekana vipi? Mama yangu aliniambia leo nisimsahihishe mtu. Na tena Radi atashinda, watapata hamsini badala ya arobaini, hakuna atakayeumia. Akasema, "Haya. Mungu awasaidie."

Je, Gatwiri alijua? Alijua. Alisema? Hakusema.

Mbio zikaanza. Radi akashinda. Alishinda vizuri, kwa urefu wa farasi watatu, mpanda wake amekaa kama mtu anayesubiri chai. Kinoti akarusha kofia. Karambu akapiga vigelegele vilivyofika mazizini, akamkumbatia mtu asiyemjua. Walikuwa na haki ya kufurahi. Farasi wao ameshinda.

Foleni ya malipo ilikuwa ndefu, na hapo hapo wakaitwa. Wazee wameketi, nyama tayari. Karambu akasema, "Nendeni, mimi nitasubiri foleni." Kinoti na Murungi wakaingia hemani.

Walikula. Kisha Mzee Baariu, aliyeongoza kikao, akaweka katikati fungu la miraa walilolileta wageni, limefungwa kwa jani la mgomba na kamba. Katika ukoo wa Mutembei, wageni husema neno lao la mahari, na baba wa binti akilikubali, anakata kamba ya fungu. Kamba ikikatwa, neno halipunguzwi.

"Tuambieni mmekuja na nini," akasema Mzee Baariu.

Kinoti akasimama. "Wazee wangu, hatukuja kusumbuana. Mzee Mutembei aliomba laki moja. Sisi tunasema laki moja na nusu. Leo. Kabla jua halijatua."

Kichwani mwake alikuwa amebakiza hamsini kati ya zile laki mbili. Aliziita chenji ya harusi.

Hema likaguna kwa heshima. Mzee Mutembei akaweka kikombe chini. Huyu ndiye aliyemfundisha Radi. Alijua bei yake kama anavyojua jina lake. Alikuwa amewaona kwa mbali wageni wake wakirukaruka, akaona tiketi mkononi, na sasa akaijua hesabu yao yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake kwa kuchungulia begani.

"Laki na nusu," akasema. "Leo?"

"Leo."

"Mbele ya wazee hawa?"

"Mbele yao, mzee wangu. Sisi si watu wa polepole."

Mzee Mutembei akachukua kisu, akakata kamba.

Je, Mutembei alijua? Alijua. Alisema? Aliuliza. Kuuliza na kusema si kitu kimoja, naye alilijua hilo pia.

Karambu akaingia. Hakuja na kicheko. Aliweka kitambaa mapajani mwa Kinoti, akasema kwa sauti ya chini ambayo hema zima liliisikia, "Hamsini."

"Hamsini za nini? Na zile nyingine?"

"Ndizo zote. Yule mama amenieleza mara tatu, watu nyuma yangu wakicheka. Unaweka nne, unaongezewa moja. Arobaini zetu na kumi juu. Akaniuliza, 'Mama, kwani mlifikiri nini?' Nikachukua pesa, Kinoti. Nimesimama pale kama nimekojoa hadharani."

Kinoti akakitazama kitambaa. Akaishika darubini, akaiachia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Murungi alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa tai. Nje watu walikuwa bado wanamshangilia Radi.

"Kamba imekatwa," akasema Mzee Baariu. "Laki na nusu leo, au posa imelala. Ikilala, haiamshwi nyumba hii." Gatwiri alikuwa mlangoni pa hema, na kila mtu alimwona alivyoshika nguzo. "Kuna njia moja. Mtu mmoja asimame aseme, 'Neno lile limeharibikia kwangu.' Neno litafutika, tutaanza upya na hizo hamsini, na binti ataolewa. Lakini atakayesimama hatasema tena kwenye posa yoyote ya ukoo wake. Ataketi karibu na mlango, atapewa chai, na hakuna atakayemwomba maoni mpaka afe. Mmoja tu. Hatupokei aibu ya kikundi."

Karambu akamgeukia Kinoti. "Simama, shemeji. Wewe ndiye uliyesema usichokijua."

"Nilisema kwa kuwa hakuna aliyenibishia!" Kinoti akasema, na sauti ikampasuka. "Wewe uliniambia ahaa. Mtu akiniambia ahaa naelewa ameelewa. Pesa zilikuwa kifuani kwako, si kwangu. Ungekataa kufungua kitambaa ningefanya nini, nikupige?"

"Mtamba wangu amekwenda, na bado niketi mlangoni?"

"Mtamba wako amerudi na kumi juu," akasema Kinoti, na mara akajutia.

Murungi akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi nilihisi. Nilihisi hesabu haikai. Nikanyamaza kwa heshima."

"Kwa heshima?" akauliza Gatwiri kutoka mlangoni.

Murungi akainua kichwa. "Kwa heshima na kwa tamaa," akasema.

"Mimi sikuhisi," akasema Gatwiri. "Nilijua. Ulinionyesha tiketi na nikajua, na nikakuombea Mungu badala ya kukuambia. Nilidhani nakulindia mjomba. Kumbe nilikuwa najilindia kitenge."

"Wewe hukutoa ahadi yoyote, binti yangu," akasema Mzee Mutembei upesi.

"Wewe je, Baba? Uliijua bei ya Radi."

Wazee wote wakamgeukia. Mzee Mutembei akafuta kile kisu kwa kitambaa, polepole, ingawa kilikuwa safi. "Niliuliza mara mbili," akasema. "Nilimpa nafasi mara mbili. Mtu mzima anayejitapa nyumbani kwangu, akinikejeli kwamba ukoo wetu ni wa polepole, nimwokoe kwa lipi? Nilitaka aonje." Akamtazama binti yake. "Sikufikiria nani mwingine ataonja pamoja naye."

Murungi akaanza kuinuka. Gatwiri akasema, "Keti. Ukisimama unasema ahadi ile ni yako, na si yako. Sitaki kuolewa kwa uongo wa pili ili kufunika wa kwanza." Akaingia ndani ya hema hatua moja, yeye mwenyewe, na baba yake akainua mkono, "Si wewe!" Kinoti alikuwa ameshika magoti yake kama mtu anayetaka kunyanyuka na mwili unakataa. Karambu alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa kitambaa kilekile cha pesa.

Mzee Baariu akatazama nje, akaona vivuli vimerefuka kwenye nyasi. "Jua halisubiri mtu kuona haya," akasema. "Mmoja."

Sasa ninyi mlioketi hapa mkitabasamu, kana kwamba hamjawahi kusema ahaa kwa kitu msichokielewa. Yupo aliyesema bila kujua. Yupo asiyejua akafungua kitambaa. Yupo aliyeshuku akaitamani faida. Yupo aliyejua akaona haya. Na yupo aliyejua akakata kamba. Posa inakaribia kulala, na msichana amesimama hatua moja ndani ya hema. Je, nani alistahili kusimama?