Joho la Zamoyoni

Kaeni vizuri, nina kesi ya kuwapa, maana mimi imenishinda.

Chuo kimoja kilikuwa na watu watatu wenye vipaji visivyoandikwa kwenye cheti. Mwanahawa alikuwa na bidii, Dokta Mchome alikuwa na jicho, Kulwa alikuwa na utulivu. Zamoyoni yeye alikuwa na akili tu, nayo ilimtupa mkono: akiingia kwenye mtihani anashikwa na hofu, anatilia shaka kila anachojua. Akapata sapu, mtihani wa marudio. Akifeli na hiyo, anadisko, anafungasha virago kurudi kwao.

Mwanahawa, aliyekaa naye chumba kimoja, alimtoa kitandani kila alfajiri kwa wiki sita wakasome. Zamoyoni alinuna, lakini alikwenda.

Dokta Mchome, mwalimu wake, aliipitia upya karatasi aliyofeli. Akakuta majibu sahihi tele, yote yamekatwa kwa kalamu.

"Binti, ulijua, ukajikatalia mwenyewe," akamwambia. "Safari hii usikate hata mstari."

Kulwa, rafiki yake wa kitivo kingine, siku ya mtihani alimkuta ngazini analia. Akakaa naye, akamhesabia pumzi, moja moja. Simu walikuwa wameziacha bwenini. Mwenye saa ya mkononi alikuwa Zamoyoni peke yake. Mtihani wa Kulwa ulianza saa mbili na nusu, jengo la mbali, na aliyechelewa nusu saa haingii. Zamoyoni alilijua hilo. Aliiona mbili na nusu ikipita, akavuta mkono wa blauzi, akaifunika saa yake. Saa tatu akaingia kwenye mtihani wake, ametulia.

Alifaulu. Kulwa alizuiwa mlangoni, akarudia mwaka.

Desturi ya mahafali pale ni mhitimu kuvua joho na kumvisha mtu mmoja aliyemfikisha, wapigwe picha. Watatu wote walikuja. Zamoyoni alitaka kumvisha Kulwa, ila moyo ulimsuta. Hakujua kama anamshukuru au anajisafisha kwa kosa la ile saa.

"Mvishe Mwanahawa," Kulwa akasema, anacheka. "Mimi nilifanya nini? Nilijisahau tu, muda ukapita."

Zamoyoni akabaki na joho mkononi, mpiga picha anamngoja.

Haya, semeni. Angekosekana mmoja tu kati ya hao watatu, Zamoyoni angedisko. Nyie joho mngemvisha nani? Na kabla ya kumvisha, mngemwambia Kulwa habari ya ile saa?