Karanga za Nyapara Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakikata mkonge kwa kufuata kengele na kuishi kwenye nyumba za kota, alikuwepo Digidigi, mama kijana, na mtoto wake wa siku nne.

Kengele ikalia, ngo ngo ngo. Nyapara Kiboko akajaza mlango mzima.

"Digidigi, kesho shambani. Usipokuja, kazi huna, na nyumba huna."

"Shikamoo, Bwana Nyapara. Mtoto hata kitovu hakijakatika, maziwa ndiyo kwanza yanashuka. Nimpeleke juani?"

"Mimi si mkunga."

Akaondoka, pu, pu, pu. Digidigi akambana mtoto, akawaza huku, akawaza kule, halafu akakumbuka gazeti la wafanyakazi. Kiboko alikwisha kulipiga marufuku: "Nikimkuta mtu analisoma, afungashe virago." Wote wakalificha chini ya magodoro. Digidigi akalitoa, akalisoma, akalisoma tena. Kumbe.

Asubuhi akaja, mtoto mgongoni, mkononi karanga za kukaanga, amezifunga kwa kipande cha karatasi. Wafanyakazi wote walikuwa wamepanga mstari.

"Nimekuletea za chumvi, Bwana Nyapara."

Kacha, kacha, kacha. Zikaisha.

"Samahani, hiyo karatasi imeandikwa nini? Tangu nijifungue macho yana ukungu, na msomi hapa ni wewe tu."

Kiboko akavimba kwa sifa, akakohoa, akasoma kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza, sauti inafika ng'ambo ya mto:

"Mwe-nye sha-mba, Te-mbo, a-me-ku-ba-li: ma-ma a-ki-ji-fu-ngu-a, a-pu-m-zi-ke mi-e-zi mi-ta-tu, na ka-zi ya-ke i-m-ngo-je."

Alipofika kwenye nukta ndipo akaelewa alichosoma.

"Mbona hukutuambia, Nyapara?" Punda akauliza kutoka nyuma.

"Hii... hii ni karatasi ya karanga tu."

"Hapana, baba, ni gazeti letu, ukurasa wa pili," Digidigi akasema, upesi upesi kabla woga haujamrudia. "Na anayelisoma afungashe virago, si ndivyo? Tukusaidie kubeba kitanda?"

Kiboko jasho likamtoka. "Nani kasema marufuku? Someni. Na wewe, nenda kanyonyeshe."

Digidigi huyoo, mbio nyumbani. Nyuma yake akamsikia Punda:

"Nyapara, hebu tusomee na ukurasa wa tatu."

Basi, wanangu, habari ya wafanyakazi ikishasomwa kwa sauti, hakuna nyapara wa kuificha tena.