Kaa wa Uwanjani na Mzee Semboja

Mmewahi kumfukia kaa, wajukuu zangu, mkaona anavyofanya? "Ukimfukia kaa hapa, atatokea pale." Methali hii ilianza hivi, katika uwanja wangu mwenyewe.

Tulikuwa tumehamia pembezoni mwa Tanga, viwanja ndiyo kwanza vinapimwa. Ardhi ilikuwa mbichi. Hadi leo nikisikia harufu ya udongo ule, naiona nyumba yetu. Kila asubuhi nikitoka na ufagio wa chelewa, nakuta kaa wa tope wamejenga minara yao ya udongo, mirefu kama kikombe cha chai. Naziba mashimo kwa majivu na vifuu. Kesho yake wako kando ya jiko.

Mwaka huo mama mkwe alifariki, tukamleta baba mkwe, Mzee Semboja, kutoka shambani Muheza. Tulimheshimu mno. Kiti chake barazani, redio yake, chai yake. Hata ndoo ya kuogea hatukumwacha ainue.

Akaanza kulalamika. Chumvi imezidi; nikapunguza. Mto mgumu, nikamshonea mwingine wa sufi. Jogoo wa jirani ana kelele. Nikaenda kumwomba jirani amfungie mbali. Asubuhi moja nikamkuta anapanga nguo kikapuni, anarudi Muheza kwenye nyumba tupu. Kule wangesema nimeshindwa kumtunza. Tena nilikuwa nimeshamzoea, na vikohozi vyake vya alfajiri.

Akaliona kopo la majivu mkononi mwangu, akanitania kwa kuniuliza kama hao kaa nimeshawamaliza.

"Wamenishinda, baba," nikasema. "Ukimfukia kaa hapa, atatokea pale. Na wewe nimekufukia kwenye chumvi, ukatokea kwenye mto. Nimekufukia kwenye mto, ukatokea kwa jogoo. Leo sifukii tena. Niambie unalolitaka."

Mzee akacheka kidogo. Akavitazama viganja vyake, vilivyokuwa vimeanza kulainika kama vya karani. Nikaketi kwenye mkeka, nikasubiri. Chai ikapoa.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nina miezi minne hapa. Nataka jembe, na ile kona ya uwanja yenye tope. Magimbi yatakubali pale."