Msemaji wa Sultani na Jini wa Mlima Kafuri

Katika zama ambazo majini na wanadamu walisalimiana njiani, mji wa Kausara ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Ghasani, mfalme mwenye majeshi na bustani na hazina, ila alikuwa na kigugumizi, na kwa kuona haya hakupata kusema neno hadharani; bali alimnong'oneza msemaji wake, Naufali bin Sabiti, naye akayatangaza maneno yale kwa sauti iliyotetemesha nguzo za baraza.

Naufali aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, hata akajisahau. Akienda sokoni husema, "Tumeridhia kununua vitunguu hivi," na watu wakicheka hajui wachekalo. Alikuwa na joho la hariri na nyumba ya ghorofa, lakini kifuani mwake mlikuwa na uzito asioujua asili yake, na kila alipoinua mikono kumwomba Mola, maneno yaliyomjia yalikuwa ya Sultani.

Siku moja zikaja habari kwamba kileleni mwa Mlima Kafuri kuna jini aliyefungwa ndani ya mtungi wa shaba. Sultani akamnong'oneza Naufali, "N-nenda ukamlete, anitumikie."

Naufali akasafiri siku saba, na chini ya mlima akakaribishwa na mjane mmoja mrina asali, jina lake Zuweina.

"Waitwa nani, mgeni?"

"Sisi ni ulimi wa Sultani."

Zuweina akacheka. "Basi ulimi na unywe maji, maana njia bado ni ndefu."

Naufali alipofika kileleni akaukuta mtungi, akapaza sauti: "Sisi, Sultani Mundhiri, twakuamuru utoke ututumikie!"

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Huyo simwoni hapa. Mimi humtii aliyesimama mbele yangu, akijitaja na kusema neno lililo lake. Wewe u nani?"

Naufali akausogelea mtungi. Akaketi. Siku ya kwanza akayarudia maneno ya Sultani yote aliyoyajua. Siku ya pili yakamwishia, na kile kimya kikamtisha, kwa kuwa hapakuwa na wa kumnong'oneza. Siku ya tatu akakumbuka udongo wa karakana ya baba yake mfinyanzi, na akakumbuka kwamba siku baba yake alipozikwa, yeye alikuwa barazani akitangaza karamu. Hakupata kumlilia. Basi akalia pale mlimani mpaka machozi yakakauka, na moyo wake ukatulia kama maji ya kisima yasiyochotwa.

Ndipo akasema taratibu, "Mimi ni Naufali, mwana wa Sabiti mfinyanzi. Nimeishi kwa hofu, na sitaki kumfunga mtu."

Mtungi ukapasuka, na jini akatoka, mrefu kuliko minara, akapiga magoti. "Niamuru, bwana wangu. Wataka ufalme?"

"Nenda zako, uwe huru," akasema Naufali. "Mimi najua kuishi ndani ya mtungi kulivyo."

Jini akambusu mkono, akapaa kwa kicheko kilichosikika nchi tatu. Naye Naufali, ambaye angeweza kukimbia, akarudi Kausara, akasimama mbele ya baraza zima.

"Ee Sultani," akasema, "jini nimemwachia huru kwa hiari yangu, na tangu leo sitasema kwa niaba ya mtu. Shingo yangu hii hapa."

Sultani akaghadhibika, akainama kunong'ona hukumu ya kifo, na tazama, hapakuwa na sikio la kuipokea. Mawaziri wakainamisha vichwa. Mnyongaji akangoja. Basi Sultani akasimama, jasho likimtiririka, akasema kwa kinywa chake mwenyewe, "N-n-na... Naufali. Hu-hukuogopa?"

"Niliogopa sana, bwana wangu. Naogopa hata sasa."

Hakuna aliyecheka. Waziri mzee akatokwa na machozi, kwani hakuwa amewahi kuisikia sauti ya mfalme wake. Sultani akatazama huku na huku, akaona watu wanamsikiliza. "E-enda kwa amani," akasema, na uso wake ukakunjuka.

Naufali akavua joho akalikabidhi, akashika njia ya mlimani, akamwambia Zuweina jina lake, na baada ya mavuno mawili ya asali wakaoana. Wakaishi kwa ufinyanzi na nyuki, na kila alfajiri Naufali aliomba kwa maneno machache, yote yake. Na huko Kausara Sultani akahukumu kwa sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, na raia wakajifunza kumngoja amalize. Mwenye kuijua nafsi yake hata mahali pakiwa pafinyu hupumua. Nasi tumalizie hapa, Mungu awape wasikilizaji utulivu.