Jani la Njiani

Jani la njiani lina mwenyewe. Leo asubuhi mmemsikia shangazi yenu Tabitha akimwambia hivyo fundi aliyeng'oa kigingi cha mpaka kwa sababu eti kilimzibia njia ya toroli, nanyi mkaniuliza jani limeingiaje kwenye habari za kigingi. Kaeni basi. Neno hilo lina chanzo chake, nacho ni likizo moja ya pwani ambayo Tabitha akiikumbuka mpaka leo husonya.

Tabitha alikuwa muuguzi, na zile siku kumi za likizo alitaka kuzilala tu. Lakini walikwenda watatu: yeye, mama yake Bibi Ndalu aliyekuwa na goti bovu, na kaka yake Mathayo, mwalimu mkuu mstaafu. Mathayo hakujua kupumzika. Siku ile ile ya kwanza alikuta kwenye nyumba ya wageni karatasi yenye ramani ya vijia vifupi vya msituni, akaipigia mistari kama ratiba ya vipindi. Kijia cha nyani, dakika kumi na tano. Kijia cha bwawa dogo, dakika ishirini. Kufikia siku ya tatu Tabitha alikuwa amewashwa na upupu miguu yote, na hamu ya pwani imemwisha kabisa.

Kilichobaki kilikuwa kijia cha bwawa la mayungiyungi, na hilo aliyelitaka ni Bibi Ndalu mwenyewe. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi ya barabara pande hizo, na miaka yote alimsimulia maua yanayokaa juu ya maji kama sahani zilizooshwa. "Nikiyaona hayo tu nitaridhika," alisema Bibi. Kwa ajili yake Tabitha akavaa viatu tena.

Aliyewaongoza alikuwa Bi Mwantumu, mkata ukindu wa kijiji kile. Alitaka kuwahi ukindu wake wa kusukia mikeka, kwa hiyo aliwaambia, "Mie natangulia. Nyie njooni taratibu na mama. Kila njiapanda nitawafungia njia isiyo yenu."

"Tumeelewa," alisema Mathayo, ambaye hakuwa ameelewa. Miaka thelathini na moja ya kusimama mbele ya darasa ilikuwa imemwondolea zoea la kuuliza.

Bibi Ndalu alielewa. Alimweleza Tabitha walipokuwa wakitembea kwamba hata kwao bara aliyetangulia hulaza jani bichi mwanzoni mwa njia mbaya, na anayefuata akiliona hapiti hapo. Wakaenda hivyo, Mathayo mbele akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani, wao nyuma hatua moja moja. Kila baada ya muda mfupi Mathayo alirudi kuwaonyesha saa.

"Karatasi imesema dakika kumi na mbili. Sisi tuna ishirini na tano, na hata nusu hatujafika."

Tabitha alisikia kichwa kinamgonga. Mwishowe Bibi akaketi kwenye gogo. "Nenda mwanangu, kamtulize huyo kabla hajaniua na saa yake. Nikishapumzika nitafuata majani."

Tabitha alisita, kisha akaenda. Alifuata mluzi wa kaka yake, wala chini hakutazama.

Bwawani mayungiyungi yalikuwa yamefunguka, meupe na ya zambarau. Mathayo alikuwa amesimama ukingoni, kwapani amebana kitita cha majani mabichi.

"Watu wa hapa hawajali usafi," alimwambia dada yake. "Njia nzuri namna hii, kila njiapanda wametupa matawi. Nimeyaokota yote, Mama asije akajikwaa."

Bi Mwantumu alikuwa akifunga mzigo wake. Aliinua kichwa, akakitazama kile kitita cha ukindu alioukata kwa panga lake mwenyewe.

"Yote, mwalimu?"

"Yote manne."

"Na mama yuko nyuma peke yake?"

Tabitha aligeuka kuitazama njia waliyotokea. "Ile njia ya chini inaingia mikokoni," alisema Bi Mwantumu, naye alikuwa keshasimama. "Na maji yameanza kujaa."

Walikimbia. Tabitha alikuwa na hasira mbili, moja ya kaka yake, na nyingine kubwa zaidi ya nafsi yake, kwa kumwacha mama peke yake. Kwenye njiapanda ya pili waliona alama za mkongojo wa Bibi mchangani, zimeteremka upande wa mikoko.

Walimkuta maji yamemfika magotini, tope limemshika miguu, mikono miwili imekumbatia shina la mkoko. Hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika. Tabitha na Bi Mwantumu walimvuta mpaka akatoka, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Mathayo alisimama kando, majani bado yako kwapani. Alikuwa amekimbia nayo.

"Sikuona jani," alisema Bibi alipopata pumzi. "Nikajua njia iko wazi. Nikasema maji hukaa bondeni, nikashuka. Nani amenifungulia njia?"

"Mama, mimi nilidhani ni takataka."

"Ulimuuliza nani?"

Mathayo aliyatoa majani kwapani, akayatazama.

"Jani bichi, limekatwa kwa panga, limelazwa vile vile kila njiapanda. Umewahi kuona upepo wenye panga? Jani la njiani lina mwenyewe, Mathayo. Humjui, muulize. Humpati, liache lilale." Akakamua upindo wa kanga yake. "Sasa nipelekeni kwenye maua."

"Mama, umelowa," alisema Tabitha.

"Maua nayo yamelowa."

Akaenda, safari hii mgongoni mwa Mathayo, na saa haikutazamwa. Alikaa ukingoni akiyaangalia maua yale muda mrefu. Tabitha alimshika mkono, hakuuachia.

Wakati wa kurudi, Mathayo akiwa bado amembeba mama yake, walikuta jani moja kavu la mkorosho katikati ya njia. Mathayo alisimama.

"Bi Mwantumu, hili nalo ni la nani?"

"Hilo limeanguka tu, mwalimu."

Mathayo alilizunguka hata hivyo.

Basi kile kigingi fundi hakukipanda yeye, wala hakumuuliza aliyekipanda. Shangazi yenu ana haki ya kusonya. Jani la njiani lina mwenyewe.