Kopo la Fundi Shekiondo

Ko! Ko! Ko! Mtaa wa wafua bati husikika kabla haujaonekana. Ndani ya kelele hizo vijana wawili walimsikia fundi mmoja akimtania mwenzake, "Hati isiyo na muhuri si bubu!" Wakamwendea Bi Mwanjaa, mkongwe wa mtaa, aliyekuwa akipanga makarai yake, wakamwuliza msemo ule umetoka wapi.

"Hati isiyo na muhuri si bubu," alirudia. "Methali hii ilianza hivi."

Fundi Shekiondo alikuwa bingwa wa bati. Ndoo zake hazikuvuja, na kiburi chake hakikuvuja pia. Alipopanga banda la Mzee Mbelwa kwa miaka kumi, waliandikiana mkataba kwa mkono, wakatia saini mbele ya mashahidi.

"Baba Rehema, sasa peleka karatasi hii ikasajiliwe," mkewe Zaina alimwambia.

"Kule ofisini panya ni wengi kuliko makarani!" Shekiondo alicheka. Akaitia karatasi ndani ya kopo, akalifunika, akalizungushia lehemu. "Muhuri ndio huu. Maji hayaingii, mchwa hali."

"Lehemu si muhuri wa serikali, mume wangu."

"Ya kwangu inauzidi!"

Kopo likakaa juu ya boriti miaka sita. Katika banda lile Shekiondo alijenga tanuri lake na kufundisha mafundi kumi na mmoja. Ndipo barabara mpya ikapita mbele ya mlango, na Mzee Mbelwa akatamani kujenga maduka. Alimtaka Shekiondo ahame kabla ya mwezi kwisha. Shekiondo alipokataa, mzee alikwenda mahakamani akidai kwamba huyu ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi tu.

Siku ya kesi mafundi wote walizima majiko yao wakaja. Shekiondo aliingia kifua mbele, kopo kwapani.

"Mkataba uko wapi?" hakimu aliuliza. Alikuwa mama mwenye sauti ya upole.

"Humu, Mheshimiwa."

"Fundi, mahakama haisomi kopo."

Watu wakaangua kicheko. Shekiondo aliomba ruhusa, akatoa mkasi wa bati, akalikata kopo mbele ya macho ya wote. Karatasi ikatoka kavu, wino wake haujafifia. Mafundi wakanong'ona kwa fahari.

Wakili wa Mbelwa akaruka. "Napinga, Mheshimiwa! Mkataba wa miaka kumi sharti usajiliwe. Huu haukusajiliwa. Haufai hata kufungia maandazi!"

Kifua cha Shekiondo kikanywea. Alimtazama Zaina, na kwa mara ya kwanza maishani aliionea haya kazi ya mikono yake. Tanuri lake sasa lilining'inia kwenye karatasi ile moja.

Hakimu alimwonyesha Mbelwa karatasi. "Mzee, saini hii ni ya nani?"

Mbelwa alikohoa. "Ni yangu. Lakini karatasi haikusajiliwa!"

"Sikukuuliza ilikolala. Nimekuuliza aliyeitia saini."

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Basi nisikilizeni," hakimu alisema. "Karatasi hii haiwezi kumfunga mgeni atakayelinunua banda bila kujua habari zake. Hapo wakili amesema kweli. Lakini leo wanabishana wawili walewale walioitia saini. Kutueleza walichokubaliana, inaweza. Haina muhuri, lakini si bubu. Naipokea kama ushahidi."

Jua halijafika utosini, alikuwa amekwisha amua: Shekiondo atakaa mpaka miaka yake kumi itimie. Kisha akamwinamia. "Fundi, una bahati. Mzee angeliuza banda hili kwa mtu wa mbali, karatasi yako ingebaki ikinong'ona peke yake."

Nje mafundi walipiga makopo na masufuria mpaka mbwa wa mtaa wakakimbia. Shekiondo aliinua mkono, wakanyamaza. Kiburi chake kilikuwepo, tena kimenyooka, ila sasa kilijua njia ya kupita. Akamgeukia mkewe.

"Mama Rehema, nakuahidi mbele ya mafundi hawa: kesho, kabla sijawasha jiko, tutaipeleka mimi na wewe ikasajiliwe. Hati isiyo na muhuri si bubu. Lakini yangu mimi nataka ipige kelele kama nyundo!"